Aya ya Tisa ya Maelezo Yangu

"Mzee Luhaga, unamfahamu vipi mama Kwandu?"

Wakili Nancy aliniuliza hivyo tukiwa shambani kwangu Sola, katikati ya pamba. Ulikuwa msimu wa kuvuna, sikuweza kwenda ofisini kwake Bariadi, basi akaja yeye na kishikwambi chake. Alikaa juu ya gunia, akawa anabofya kila nilichosema. Hata picha yangu ya ujanani na marehemu Maige aliipiga humo humo, akaiambatanisha na maelezo.

Kesi ilikuwa hivi. Maige wa Nkoma, rafiki yangu, alifariki mwaka juzi. Mdogo wake, Machibya, akasema Kwandu, mjane wa Maige, hakuwahi kuolewa, ng'ombe wa mahari hawakutolewa, hivyo aondoke kwenye nyumba na shamba alilolima miaka thelathini na moja. Wazee walioshuhudia mahari wameshafariki. Nilibaki mimi.

"Wale ng'ombe niliwaswaga mwenyewe," nikamwambia wakili. "Siku mbili kwa miguu, toka Nkoma kwa kina Maige mpaka hapa Sola, kwa baba yake Kwandu. Mmoja alikuwa mwekundu, pembe moja imevunjika. Huyo alitusumbua sana."

"Kwa nini walikutuma wewe?"

"Maige aliniomba. Njia naijua, na Kwandu alikuwa jirani yetu."

"Ukiacha ujirani, kuna uhusiano mwingine? Machibya atakuuliza mahakamani. Ukificha akagundua, ushahidi wako wote umeharibika."

Nilimwona Kwandu wa wakati ule, amepiga magoti kwenye mchanga wa mto uliokauka, anafukua maji kwa kata. Alikuwa akinipisha ninyweshe ndama wangu kwanza, ndipo ajaze ndoo yake. Msimu mzima wa kiangazi tulikutana pale, na sikuwahi kumwambia neno zaidi ya salamu ya asubuhi, "mwangaluka".

"Andika," nikasema. "Andika kwamba nilimpenda kabla Maige hajamjua. Niliogopa kusema. Maige hakuogopa."

Nancy akaacha kubofya.

"Mzee, nikiandika hivi, Machibya atasema unataka mke na shamba."

"Si umesema nisifiche?"

"Mama mwenyewe anajua?"

"Hajui. Hata marehemu mke wangu hakujua."

Akaandika, akanisomea. Ilikuwa aya ya tisa. Kisha akapanda juu ya kichuguu, akakiinua kishikwambi akitafuta mtandao.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Namtumia mama Kwandu. Ni mteja wangu, lazima ajue shahidi wake atasema nini."

"Sasa hivi?"

"Imeshakwenda."

Siku ile sikuvuna tena. Jioni simu ikatoa mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa Kwandu.

"Luhaga, binti yangu Monika amenisomea maelezo yako. Aya ya tisa nimemwambia airudie. Ni kweli?"

Nikajibu: "Ni kweli. Ukitaka ifutwe, nitamwambia wakili."

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya tatu likaja neno moja.

"Usifute."

Mahakamani nilikula kiapo, nikasema yote. Machibya akasimama kunihoji.

"Wewe si unamtaka huyu mama?"

"Nilimtaka tangu ujana."

Watu wakacheka. Kwandu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjakunja pindo la kitenge chake.

"Kwa hiyo una faida yako katika kesi hii."

"Faida yangu ilikuwa kuwapoteza wale ng'ombe njiani," nikasema. "Wangepotea, asingeolewa na kaka yako. Nililifikiria hilo siku zote mbili. Nikawafikisha wote."

Hakuna aliyecheka tena. Machibya akatazama karatasi zake, akasema hana swali lingine.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu. Hakimu alisema mtu aliyekiri jambo la kumuumiza mwenyewe hana sababu ya kudanganya katika mengine. Kwandu alikuwa mke halali, nyumba na shamba havitaguswa.

Nje, Kwandu alinikuta nimesimama peke yangu.

"Wabeja, Luhaga," akanishukuru.

"Nilisema nilichokiona tu."

"Siku ile uliyoleta ng'ombe nilikupa maji. Ukanywa, ukaondoka bila kuniaga. Miaka yote hii nilijua unanidharau."

"Ningekuaga, ningelia mbele ya wazee."

Akanitazama. Mvi zilikuwa zimemtoka pembeni mwa kitambaa, na macho yalikuwa yale yale ya mtoni.

"Maige nilimpenda," akasema. "Sitaki uje ukidhani nilikuwa nakungoja."

"Na mimi nilimpenda mke wangu."

"Basi tumeelewana. Jumapili nitapika. Usichelewe, sipendi chakula kipoe."

Jumapili ile nilifika kabla hajawasha moto. Nikamsaidia kupasua kuni. Mwaka uliofuata, pamba ilipokwisha, tulifunga ndoa Nkoma, na Monika ndiye aliyempeleka mama yake kanisani.