Mlango wa Fundi Honoré

Berthe alipofungua chumba cha picha asubuhi ile ya Jumatatu, alikuta picha za nyumba moja zimekusanyika mezani. Paa la mabati, dirisha la mbao, ngazi za saruji, ukuta wa matofali mekundu. Jumamosi alikuwa amezitawanya kwa mkono wake mwenyewe, kila moja katika sanduku la mada yake, akafunga chumba na kwenda na ufunguo. Sasa zilikuwa zimelala kingo kwa kingo, ukuta chini ya paa, dirisha kando ya ukuta, ngazi chini kabisa, kama kwamba mtu alikaa pale akaijenga upya. Katikati paliachwa nafasi tupu, nyembamba na ndefu.

"Papa Xavier, ni weye ulitosha hizi mu masanduku?" alimwuliza mkubwa wake wa kazi alipoingia.

"Miye? Sikugusa kitu." Xavier aliziangalia kidogo tu. "Zirudishe mu masanduku."

Xavier alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, amesomea Kinshasa. Mpiga picha mmoja wa zamani alikuwa amezunguka mji wa Bunia miaka mingi akiyapiga picha majengo ya pale: makanisa, maduka, nyumba za kukaa, hata vyoo. Alipokufa, Xavier aliupata mkusanyiko huo wote ukiwa katika magunia, akakodi chumba, akamwajiri Berthe kuupanga. Sheria aliitoa siku ya kwanza. Picha zipangwe kwa mada: milango na milango, paa na paa, baraza na baraza. Nyuma ya kila picha yule mzee alikuwa ameandika jina la mwenye nyumba, na kila jina Xavier alitaka libandikwe karatasi nyeupe.

"Jina inaonyesha kabila," alimwambia. "Kabila inaonyesha nani alikaa wapi. Kesho batu banakuja hapa na mapanga kuuliza kiwanja yao. Mulango haina kabila, Mama Tina."

Berthe hakubisha. Alikuwa mtu wa Mahagi. Vita vilipoingia mjini alikimbilia kwao na mimba ya miezi ya mwisho, na aliporudi na mtoto wake Tina mgongoni alikuta kila mtu amejifunza kutouliza. Huyu ana makochi mapya, yule ana mabati ambayo jana hakuwa nayo, na bunduki zimenyamaza. Watu walisalimiana, wakapita. Kwa hiyo alibandika karatasi zake nyeupe na kurudisha picha masandukuni.

Keshoye mvua ilinyesha mchana kutwa. Xavier alikuwa ameenda kuonana na wafadhili. Berthe alikuwa peke yake, umeme umekatika, maji yakipiga bati juu ya kichwa chake, ndipo aliposikia harufu ya mti wa libuyu uliorandwa sasa hivi, ile harufu tamu ya mbao nyekundu, akafikiri kuna fundi jirani. Lakini nani hupiga randa katika mvua kama ile. Kisha chini ya harufu ya mbao ikaja nyingine, ya kidonda kilichofungwa siku nyingi kwa kitambaa kimoja.

Mtu akabisha. Alibisha kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama fundi anayesikiliza ubao kama ni mzima. Berthe alikwenda mlangoni, hapakuwa na mtu. Aliporudi mezani kubisha kulianza tena, na safari hii alijua kunatoka wapi, kunatoka katika sanduku lililoandikwa MILANGO, na ingawa miguu yake ilitaka kwenda nje mvuani mkono wake ulikwenda kwenye kifuniko ukakiinua, na sauti ikakatika, na juu ya picha zote palikuwa na moja ambayo hakukumbuka kuiweka juu, mlango wa mbao uliochongwa majani ya migomba, na chini kwenye kona ya kulia palikuwa na kiraka cha mbao nyeupe kilichokatwa umbo la samaki.

Samaki huyo Berthe alimjua. Kila Jumamosi alimpangusa kwa kitambaa chenye maji. Tina wake alijifunza kusimama akimshika samaki huyo.

Ulikuwa mlango wa nyumba yake.

"Mulango yangu iko wapi?" mwanaume alisema nyuma ya shingo yake, bila hasira, kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji. Berthe hakugeuka. Alitoka mvuani bila mwavuli.

Jioni, wakila, Berthe alimtazama mume wake Blaise. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Walikuwa wamekaa wakiuelekea mlango, umefungwa kwa sababu ya baridi. Tina alikuwa amelala mapajani mwa mama yake.

"Papa Tina, mulango hii ulisemaka ilitoka Marabo."

"Ndiyo. Kwa mutu wa mbao."

"Leo niliiona mu picha."

Blaise aliacha kutafuna. "Mulango zinafananaka," alisema.

Hapo kifundo cha kidole kikabisha. Kilibisha kutoka upande wao, upande wa ndani, kana kwamba mbishaji alikuwa amesimama kati yao na mlango, amewapa mgongo. Blaise alishusha macho kwenye sahani yake na hakuyainua tena. Berthe akaona kwamba mumewe haogopi kama anavyoogopa mtu anayesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Tangu lini unaisikia?" alimwuliza kwa mnong'ono.

"Kula chakula yako, Mama Tina."

Asubuhi Berthe aliibandua ile karatasi nyeupe nyuma ya picha. Honoré, seremala, Mudzi-Pela. Alizitoa picha za nyumba ile katika masanduku yake, akazitia zote katika bahasha moja. Xavier alimkuta akifanya hivyo.

"Majina tena?" alisema polepole. "Unataka kuturudisha kule?"

"Hata hatukutoka kule, Papa Xavier," Berthe alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Alichukua bahasha akatoka nayo.

Berthe aliuliza Mudzi-Pela, mtaa wa yule seremala, akaambiwa alikufa vitani, na haikumchukua muda kumpata mjane wake. Aliitwa Agathe, aliuza nyanya na bilinganya kwenye soko dogo la Sukisa, mama mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa uangalifu. Berthe alisema tu kwamba anapanga picha za majengo na amezipata hizi. Agathe alipangusa vidole kwenye kitenge kabla ya kuzishika. Ya mlango alikaa nayo muda mrefu.

"Aliichonga yeye mwenyewe, mwaka ile tulioana. Samaki ni ya Léonie wetu. Aliunguza kona na makala ya moto, akalia sana juu ya kuogopa baba yake. Baba yake akakata pale penye kuungua, akatia samaki, ili mutoto anyamaze."

"Na nyumba?"

"Hakuna nyumba. Leo iko depo ya saruji pale." Agathe alipanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimepangwa. "Siku ile Honoré alikuwa na muguu ya kuvunjika. Akatuambia, 'Mukimbie, miye nitajifungia. Mulango yangu ni nguvu kupita bale batu.' Na ilikuwa kweli, mama. Bale ba bunduki balipiga mulango, balipiga, balichoka, bakaenda. Kisha kukakuya bengine, ba kubeba bintu. Hao hawakuwa na bunduki. Walikuwa na nyundo. Jirani yetu alijificha mu choo, alisikia yote. Honoré anababembeleza kwa dirisha: 'Mubebe yote, mutaniachia tu mulango.' Balibeba mpaka mulango. Jua ikienda kushuka, ba bunduki bakarudi."

Mteja alikuja, akanunua nyanya, akaenda. Agathe alimrudishia chenji yake kwa heshima.

"Bale balimuua, nilibasamehe," alisema. "Padri alituomba, nikasamehe. Ilikuwa vita. Ule wa mulango sijamusamehe. Ule alimusikia."

Berthe alijua kwamba sasa ndiyo saa ya kusema. Alifungua kinywa. Kilichotoka ni kumwuliza bei ya bilinganya.

"Unaweza kuniachia hii moja?" Agathe aliuliza, mkono juu ya picha ya mlango.

"Baki nazo zote, mama," Berthe alisema, akaondoka upesi kama mwizi.

Njiani aliapa kwamba leo hii Blaise ataubeba mlango ule kichwani, mchana kweupe, watu wote wa mtaa wakimwona, mpaka kwa mwenyewe. Lakini kabla hajafika kwake alisikia harufu ya moshi. Uani alisimama Maman Charlotte, mwanamke wa maombi aliyejulikana kwa kufukuza mapepo, Biblia kwapani na chupa ya maji ya chumvi mkononi, akiimba. Blaise alikuwa akisukuma mbao motoni kwa mguu. Majani ya migomba yalikuwa yamekwisha. Samaki alikuwa mweusi. Penye fremu palisimama mlango mpya wa chuma, na mchomeleaji alikuwa akikusanya nyaya zake.

"Pepo ilikuwa na kiti yake," Charlotte alisema, "na kiti imeungua. Sema asante kwa Bwana, binti yangu."

Berthe alimpita. Alimwendea Blaise karibu. "Mwenye mulango alikuwa na bibi. Angali muzima."

"Usiniambie jina yake."

"Alikuomba kwa dirisha. Ulimusikia?"

Blaise alichokonoa moto. "Vita iko na makelele mingi," alisema.

Jioni ile walikaa ndani, komeo la chuma limesukumwa mpaka mwisho, na kwa muda palikuwa kimya hata Blaise akaanza kula kwa hamu. Ndipo komeo lilipoanza kurudi, polepole, likikwaruza, na wote wawili wakalitazama likitoka katika tundu lake kama ulimi, na mlango ukafunguka mpaka ukutani, na nje hapakuwa na mtu, kulikuwa na majivu tu yaliyokuwa bado yanapumua uani, na Blaise akainuka akaufunga, akasukuma kabati, akaegemeza mgongo wake juu ya kabati, na kabati na yeye wakaburutwa pamoja sakafuni, taratibu, bila haraka, kama anavyosogeza vitu mtu mwenye mguu mmoja mbovu, na harufu ya libuyu ikaingia ikajaa chumba, na ile sauti ikauliza kati yao:

"Sasa nitajifungia na nini?"

Tangu hapo nyumba yao haikufungika. Mchomeleaji aliongeza komeo kubwa zaidi, likafunguka. Maman Charlotte aliitwa tena. Alifika kwenye kizingiti, akavuta pumzi mara moja, akasema ana maombi kule Aveba, akaenda zake. Ilikuwa saa mbaya ya kukaa na nyumba wazi. Habari za mapigano kutoka Djugu hazikuwa nzuri, upande wa Bule watu walikuwa wakilala porini, na kila jioni mtaa mzima ulisikika ukifunga makomeo mapema, nyumba baada ya nyumba, mpaka sauti ikakoma kwa Blaise. Yeye alilala chini, amejiegemeza mlangoni. Asubuhi Berthe alimkuta nje kwenye vumbi, mlango uko wazi, naye hajui alitokaje.

Mwishowe Berthe alikwenda nyumbani kwa Agathe, chumba kimoja cha kukodi nyuma ya soko. Picha zilikuwa ukutani juu ya kitanda. Agathe alikuwa amezibandika kama nyumba, paa juu ya ukuta, na mlango mahali pake, katikati.

Berthe alimwambia yote akiwa amesimama. Agathe aliketi kitandani.

"Kumbe ni kwako," alisema. "Na mulango iko wapi?"

"Mume wangu aliichoma."

Agathe alitazama mikono yake, upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Toka, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Berthe alitoka. Mlango wa mbao nyepesi ulifungwa nyuma yake, na akasikia komeo. Alibaki uani, hana pa kuanzia, na hapo ndipo harufu ya libuyu ilipomjia begani, karibu sana, na akaelewa kwamba hakuja peke yake. Kifundo cha kidole kilibisha mlango wa Agathe, kwa adabu.

Ndani kitanda kililia. Kisha: "Papa Léonie?"

Komeo lilitoka. Agathe alifungua, na hakumwona Berthe kabisa. Alitazama kando yake, juu kidogo, usawa wa uso wa mwanaume mrefu. Akasogea kando kupisha. Akanyoosha mkono, akauweka hewani kama anayemshika kiunoni mtu asiyeweza kukanyagia mguu mmoja, akaingia naye polepole. Mlango ukafungwa. Komeo likasukumwa. Kisha likasukumwa tena, kwa mkono mwingine, mzito, kuhakikisha.

Berthe alipofika kwake alikuta mlango wa chuma umefungwa, na Blaise amesimama mbele yake akiutazama asiamini. Usiku huo haukufunguka, wala uliofuata. Blaise alilala usingizi wa mtoto. Asubuhi alioga akipiga mluzi. Jumamosi alinunua rangi ya kijani akaupaka mlango mara mbili, na majirani waliopita walisimama kuusifia.

"Si uliona," alimwambia Berthe, akifuta brashi kwenye nyasi. "Nilikuambiaka itakwisha."

Berthe alichukua ndoo yake, akaupita ule mlango wa kijani, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kupitia jikoni. Mpaka leo ndipo anapopita.