Piga Stata

Haya yalimpata Fakihi, jirani yangu, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Mkewe Mwanaheri alishikwa uchungu, mtoto kakaa vibaya, na pikapu kuukuu ya kijiji ilikuwa imekwenda kijiji cha Milola. Fakihi akaifuata. Wakati wa kurudi, magharibi hiyo, ikamzimikia mahameni, palepale tulipohama, nyumba tupu, giza limejaa milangoni.

"Wewe dude, leo ndiyo siku ya kuniadhiri?" akaifokea gari.

Dizeli imo. Akajua hewa imeingia kwenye pampu. Akachomoa ufunguo, akashuka, akalegeza nati za nozeli zinazopeleka mafuta kwenye injini. Lakini kutoa hewa kunataka watu wawili: mmoja apige stata, mwingine atazame mafuta. Naye yuko peke yake, hata mbwa habweki. Kwa mazoea tu akapaza sauti:

"Piga!"

Stata ikalia. Ng'we, ng'we, ng'we. Yakatoka mapovu, kisha dizeli safi. Akadhani ni mpita njia. Akakaza nati. "Piga tena, ndugu yangu!" Injini ikawaka.

Akazunguka kumshukuru. Kitini hapana mtu. Akapanda hivyo hivyo, maana Mwanaheri anangoja.

Hospitali, mke keshapokelewa, Fakihi akarudi kuizima gari. Tundu la ufunguo lilikuwa tupu. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, tangu mahameni.