Lango la Nyuma

Lifti ya jengo lile haikuwa na adabu. Mlango wake haukumngoja mtu. Mchana huo ilikuwa imefurika, watu wamebanana bega kwa bega, mara kijana mmoja aliyevaa koti jeusi la ngozi, na joto lote lile, akajipenyeza na gitaa mgongoni. Mlango ukabana shingo ya gitaa. Akalivuta kwa nguvu, likachomoka na kumgonga kiwiko binti mmoja aliyevaa gauni la njano, na trei ya vioo vya miwani aliyokuwa ameishika ikaenda chini.

Waliokota pamoja, wamepiga magoti katikati ya viatu vya watu. Kijana aliomba radhi hadi radhi zenyewe zikachosha, akataka kujua kila kioo ni cha nani na kama kimeumia. Binti akashindwa kujizuia kucheka.

"Kaka, una kelele kuliko hilo gitaa lako."

Tangu hapo akawa Kelele. Na binti, kwa kuwa alikuwa fundi wa kusaga vioo katika duka la miwani ghorofa ya nne, akaitwa Miwani. Majina waliyopewa na wazazi wao yakabaki kwenye vitambulisho.

Kelele hakuwa mtu wa hivihivi. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzi na mwimbaji wa Wabishi, bendi ya roki iliyowakosesha wakubwa usingizi. Penye mgomo au maandamano, nyimbo za Wabishi hazikosekani. Lakini kwenye simu, simba huyo alikuwa paka. Atapiga saa ya kazi, atauliza kama mpenzi wake amekula, amekula nini, na kwa nini amekula kidogo. Miwani akimwambia ana kioo kwenye mashine, husema basi ampe aisikilize hiyo mashine. Akaipenda sauti ile hadi akaomba kuirekodi kwa ajili ya albamu mpya. Aliomba kwa upole, akarudia kuomba kesho yake, akamletea maua mwenye duka. Miwani alijiona malkia.

Jumapili moja Kelele alikuwa chumbani kwake anabadilisha nyuzi za gitaa, Miwani amekaa kitandani anamenya chungwa. Kelele akamuuliza kwa nini hataki kumpeleka kwa baba yake akajitambulishe. Kwani anamwonea aibu? Miwani akaona bora aseme ukweli kuliko mpenzi wake afikirie mengine.

Baba yake alikuwa bawabu wa kiwanda cha sabuni, mwenye filimbi iliyofungwa uzi mwekundu. Mwaka wa ule mgomo mkubwa, wafanyakazi walijifungia ndani, na alfajiri mtu fulani akawafungulia askari lango la nyuma. Watu walipigwa, wakafukuzwa kazi, mmoja akavunjwa mguu. Aliyefungua hakujulikana hata leo. Ni baba yake aliyefungua. Alimwambia binti yake siku waliyomzika mama, na hakulitaja tena.

"Sasa nikulete wewe, mwimbaji wa migomo, ukae naye sebuleni?" alisema Miwani. "Hili sijawahi kumwambia mtu. Likitoka, baba amekwisha."

Kelele aliweka gitaa chini, akajigusa kifuani. "Limeingia hapa, limefia hapa."

Miwani alimwamini. Angeachaje kumwamini?

Albamu ilipotoka, mji mzima haukuzungumza jingine. Ilikuwa ndefu, ukibandika maharage inapoanza yanaiva kabla haijaisha. Ndani mlikuwa na roki ya kupasua masikio, tarumbeta, kwaya ya watoto, bembelezi, hotuba iliyopigiwa ngoma, na mashine ya Miwani ikisaga peke yake hadi mtu anadhani redio imeharibika.

Dukani walishikana mashati kwa maneno. Mwenye duka, aliyewahi kulala mahabusu kwa kuimba nyimbo za Wabishi, alisema bendi imelewa sifa. Hii si albamu, ni droo ya jikoni, humo mna vijiko, misumari na betri zilizokufa. Dada wa mapokezi akamwambia bosi amezeeka masikio. Maisha yenyewe ndivyo yalivyo, mtu analia asubuhi na kucheza jioni.

"Na huu je?" akasema mwenye duka. "Msaliti naye anaimbiwa?" Akauweka wimbo unaoitwa "Lango la Nyuma".

Ulikuwa na gitaa moja tu na sauti ya Kelele, ya chini, ile aliyoitumia kwenye simu. Ulimhusu bawabu mwenye filimbi iliyofungwa uzi mwekundu, anayefungua lango alfajiri ili apewe dawa ya mtoto wake mgonjwa. Dada wa mapokezi alikuwa anafuta machozi. Mwenye duka anasonya. Kioo kilichokuwa kwenye mashine kikasagika hadi kikavunjika, na Miwani hakuwa na habari.

Filimbi ile ilikuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa nyumbani kwao. Kiwanda kizima kiliijua.

Alifika kwa baba akihema. Mzee alikuwa barazani, ubao wa drafti mbele yake, kete za vifuniko vya soda zimepangwa pande zote mbili. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Kwa miaka yote kila jioni kilikaliwa na fundi wa boila wa zamani wa kiwandani, anayekuja akiburuta mguu wake uliovunjwa na askari.

"Leo siku ya tatu hajaja," alisema baba. "Jana nilimfuata. Mkewe aliniambia amelala, na mimi namwona dirishani."

Miwani akakaa chini, kwenye sakafu.

"Ulimwambia nani?"

"Kijana niliyetaka kukuletea, baba."

Mzee alisogeza kete moja, akairudisha. Akasema huyo kijana amemtungia mtoto mgonjwa. "Wewe hukuwa mgonjwa. Sikupewa dawa wala senti. Niliogopa tu, mwanangu."

Miwani akaanza kumlaani Kelele, mwongo, mnafiki, mwizi. Baba alimwacha amalize.

"Yeye simjui. Mtu nisiyemjua atanisaliti vipi? Wewe ndiye niliyekuambia."

Hapo ndipo lilipomchoma. Alikuwa amekuja kama mtu aliyeumizwa, akakuta na yeye ameumiza. Alilia hadi kanga ya begani ikalowa, na baba hakumnyamazisha.

Kesho yake alimvamia Kelele mazoezini. Wenzake walipomwona uso walitoka mmoja mmoja, hata mpiga ngoma akaacha chai yake.

"Sikumtaja jina," alisema Kelele.

"Uzi mwekundu ndiyo jina lake."

"Nilimtetea, Miwani. Watu wanamlilia baba yako. Albamu ilikuwa inatawanyika, kila wimbo na njia yake. Huu ndio ulioishika."

"Kwa hiyo ulituuza ili albamu isimame."

Kelele akaapa hatauimba tena, popote, milele. Akataka kumshika mkono. Miwani akaurudisha nyuma.

"Mashine yangu uliiomba mara mbili," alisema. "Ukaleta na maua. Baba yangu hukumwomba hata mara moja."

Jumamosi alasiri Wabishi walipiga uwanjani, na redio ikarusha moja kwa moja. Miwani hakwenda. Alikaa barazani na baba, ambaye ndiye aliyeifungua redio. Walisikia watu wakizomea wimbo wa tarumbeta na wengine wakiwazomea wazomeaji. Kisha sehemu moja ya uwanja ikaanza kudai "Lango la Nyuma", na nyingine ikipiga kelele kwamba msaliti hana wimbo.

Kelele akasema kwenye kipaza sauti, "Wimbo huo si wangu. Siuimbi."

Halafu msichana mmoja akauanzisha, wakamfuata kumi, wakamfuata mia, na mwishowe uwanja mzima ukamwimba bawabu na filimbi yake na mtoto ambaye hakuwahi kuumwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akazima redio.

Haukupita muda simu ikaita.

"Sikuuimba, mpenzi," alisema Kelele.

"Nimesikia. Hawakuhitaji wewe tena."

"Nataka nije kwa mzee. Nimpigie magoti, halafu nikuombe nikuoe. Nilikosea, Miwani. Nakupenda."

Miwani alifumba macho. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote. "Ungekuja kabla ya wimbo," alisema.

"Ndiye yeye?" aliuliza baba. Miwani akaitikia kwa kichwa. Mzee alitazama kile kiti kitupu.

"Anajua drafti?"

"Baba."

"Mwambie aje. Ameniondolea mwenzangu, aje akae hapo."

Miwani akairudisha simu sikioni.

"Baba anasema uje ucheze naye drafti. Kila jioni, kama alivyokuwa akija mwenzake." Akasikia Kelele anavuta pumzi, anaanza kushukuru, akamkata. "Umjie yeye. Mimi kuanzia Jumatatu nitaomba zamu ya jioni dukani."