Kinyonga wa Alasiri

Kila siku alipotoka shuleni, Kipusa alifuata utaratibu uleule. Alivua sare akaitundika, akafua soksi zake, kisha akafagia sebule. Mama yake alikuwa muuguzi. Alirudi jioni akiwa amechoka, lakini vumbi likibaki chini ya kabati aliliona akiwa bado mlangoni.

Wiki hiyo kazi moja iliongezeka. Shangazi yake, fundi wa kushona, alikuwa amepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli katika mji mwingine. Kabla ya kuondoka alimletea Kipusa kifaa cha kuchezea gemu, kile cha kushika mkononi, kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe.

"Humu kuna kigemu cha kinyonga," Shangazi alisema. "Kule hotelini kelele hazitakiwi, kwa hiyo nakuachia wewe. Kila alasiri akiomba chakula, bonyeza hapa umpe majani. Mimi nakijua kitufe hiki kimoja tu. Vingine usiniulize."

"Vingine navijua, Shangazi. Wewe nenda salama."

"Najua kwamba unavijua. Ndiyo maana naogopa."

Wakacheka wote wawili.

Kifaa hicho kilikuwa cha marehemu mtoto wa Shangazi. Watu walimwita Vidole, kwa kuwa vidole vyake havikujua kutulia; hata mezani alibonyeza kijiko. Alipenda kupakua vigemu kutoka mtandaoni: cha kupanga matofali, cha kuendesha treni, cha kufuga kinyonga. Mwaka uliopita aliugua ghafla, akapelekwa hospitali, na hakurudi nyumbani. Tangu hapo Kipusa hakuwahi kukigusa kifaa chake.

Siku ya kwanza alikiweka ndani ya droo ya meza, akaenda jikoni kuosha vyombo. Nyumba ilikuwa kimya. Mara sauti ikatoka sebuleni.

"Jamani! Kuna mtu humu?"

Sahani ilimponyoka mkononi ikazama kwenye maji ya sabuni. Ilikuwa sauti ya Vidole. Haikuwa sauti iliyofanana na yake. Ilikuwa yake hasa, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokitoa kila alipotaka kuchekesha watu.

"Njaa inaniuma, na nyie mmekaa tu!"

Kipusa alikwenda sebuleni akinyata, akafungua droo. Kwenye kioo, kinyonga wa kijani alikuwa ameachama. Kipusa akaelewa. Kigemu kile kilimruhusu mchezaji kurekodi sauti yake, na kinyonga aliitumia sauti hiyo kuita. Alielewa vizuri kabisa, lakini kuelewa hakukuiondoa hofu yake. Alibonyeza kitufe, na majani yakaanguka mdomoni mwa kinyonga.

"Asante, Mama," Vidole akasema.

Kipusa aliifunga droo kwa nguvu.

Siku zilizofuata, alasiri ilipokaribia, alitoka na kukaa kwenye ngazi ya nje. Alikizungushia kifaa blanketi zito. Sauti ilipenya vilevile, ila sasa ilikuwa nyembamba, kana kwamba ilitoka chini ya sakafu. Alimweleza jirani yake mmoja tu, msichana wa rika lake aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyejua mahali pa kumzimia.

"Huyo anakuita wewe," Redio alisema.

"Anamwita mama yake. Ni rekodi."

"Rekodi, sawa. Lakini ukiitwa kila siku, siku moja utajikuta umeitika. Mimi nisingeitika hata kwa kuhongwa pipi."

"Nyamaza, Redio!"

"Haya, nimenyamaza. Ila usije ukasema sikukwambia."

Hatimaye siku ya Shangazi kurudi ikafika. Asubuhi, Mama alikuwa akifunga vifungo vya sare yake ya kazi. Alichukua kitambaa laini na kumpa Kipusa.

"Shangazi yako atapita leo kuchukua kifaa chake. Kifute vizuri, kirudi kwa mwenyewe kikiwa safi."

Mama akatoka. Kipusa alibaki amesimama katikati ya sebule. Kifute. Aliligeuza neno hilo mdomoni. Kifaa hufutwa. Kigemu nacho hufutwa. Mama hakusema kipi.

Alikiweka kitambaa juu ya kiti. Aliwasha kifaa, akatafuta picha ndogo ya kinyonga, akaibonyeza kwa muda. Kifaa kiliuliza swali kwa neno moja: Futa? Akakubali. Kinyonga alififia, na mahali pake pakabaki mraba mweusi.

Alasiri ile, akiwa jikoni, alijikuta amefunga bomba ili asikilize. Hakuna aliyeita. Alingoja. Jokofu lilinguruma, kisha nalo likanyamaza. Siku zote alikuwa ameiogopa sauti; sasa aliuogopa ukimya. Shangazi alipopita kuchukua mfuko wake na kumshukuru, Kipusa alijibu huku akitazama sakafu.

Kesho yake Shangazi alirudi. Hakuketi.

"Kinyonga haiti," alisema. "Namngoja tangu jana. Haiti."

"Kilijizima chenyewe, Shangazi," Kipusa alijibu haraka. "Kilipowaka tena, kigemu hakikuwemo."

Shangazi hakugomba. Aliuweka mkono wake juu ya kifaa kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nikishika cherehani mimi husahau kula," alisema taratibu. "Vidole alirekodi maneno yale ili anitanie. Akiita, namlisha kinyonga, na mimi nakula. Tangu jana sijaonja kitu. Vaa viatu, unisindikize kwa fundi."

Duka la fundi wa simu lilikuwa chumba chembamba chenye kaunta ya kioo. Simu zilizofunguliwa migongo zilipangwa juu ya kitambaa cheupe, na bisibisi ndogo zilisimama ndani ya kikombe. Mteja mmoja mnene alikuwa akingoja simu yake. Fundi alisikiliza maelezo ya Shangazi, akakichunguza kifaa, akajikuna kidevu.

"Mama, kifaa kinachojizima na kupoteza vitu kina ugonjwa kwenye kumbukumbu. Dawa yake ni kukisafisha chote, kianze upya kama kilivyotoka dukani. Kigemu tutakipakua tena."

"Na sauti ya mwanangu?"

"Kama ilikuwa humo, imekwisha kupotea. Nisipokisafisha, kifaa chenyewe nacho kitakufa."

Shangazi aligeuka akatazama waya za chaji zilizoning'inia ukutani.

"Safisha," alisema.

Kidole cha fundi kilielekea kwenye kitufe.

"Ngoja!" Kipusa alipiga kelele. "Hakikujizima. Nilikifuta mimi. Mama aliniambia nikifute."

Shangazi aligeuka. "Mama yako alikuambia ufute kigemu cha Vidole?"

Machozi yalianza kumdondoka Kipusa.

"Alinipa kitambaa," alisema.

Fundi aliinama juu ya kaunta.

"Binti, sikiliza. Ulifuta kigemu peke yake? Hukugusa pengine popote?"

"Kigemu tu."

Fundi aliuondoa mkono wake kwenye kifaa kama aliyeshika sufuria ya moto. "Basi huu si ugonjwa. Kigemu kikifutwa, kile alichokihifadhi mchezaji hubaki mahali pake. Ningekisafisha, hapo ndipo tungeipoteza sauti."

Alikiunganisha kwenye mtandao na kuanza kukipakua kigemu. Mstari wa kijani ulitambaa polepole kwenye kioo. Shangazi aliushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kinyonga akatokea, akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Jamani! Kuna mtu humu?"

"Tupo!" mteja mnene aliitika bila kufikiri.

Fundi aliangua kicheko. Shangazi naye alicheka, akacheka mpaka akaketi, na mashavu yake yakalowa.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika kwenye kona ya shule, Shangazi alisimama.

"Kuogopa si kosa," alisema. "Sauti ile ilipoita mara ya kwanza baada ya mazishi, nilikimbilia kwa jirani bila viatu. Ungeniambia, tungeogopa pamoja. Kosa ni kujificha nyuma ya neno la mama yako, kisha kunidanganya. Umeona yule fundi? Ni hodari, na alitaka kutusaidia. Lakini kwa uongo wako, uhodari wake ungetupotezea kila kitu. Anayetusaidia hutegemea tunachomwambia, Kipusa. Mwambie kweli, tena umwambie mapema."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Kwa mama yako utajieleza mwenyewe. Huko sikusindikizi."

Jioni ile Kipusa hakungoja kuulizwa. Alimpokea Mama mkoba mlangoni na, kabla hajavua viatu, akamweleza yote.