Kontena Tupu la Zahanati

Kila siku baada ya shule nilikwenda kwa shangazi, karani wa zahanati, nikafanya hesabu zangu kwenye kona ya meza yake. Wauguzi waliniita Kidole, maana sikuweza kuona kitufe nisikibonyeze.

Kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa kwenye kompyuta ya shangazi. Ndani yake, alinieleza, kuna makontena mawili, yaani programu mbili, kila moja imefungwa peke yake na vitu vyake. Moja linaendesha hifadhidata. La pili linafungua ukurasa ambao wauguzi wanausoma.

"Kontena likileta kiburi, nalifuta, nawasha jipya," alisema. "Amri ziko kwenye daftari langu. Wewe macho tu."

Siku hiyo shangazi alikwenda stoo kupokea dawa, na ukurasa ukagoma kufunguka. Nikajisemea, kazi ndogo hii, akirudi atanisifu. Nikafuta makontena yote mawili, nikawasha mapya. Amri ya kuwasha hifadhidata ilikuwa na mistari miwili. Kwa haraka zangu nikaandika mmoja.

Ukurasa ulifunguka. Haukuwa na jina la mgonjwa hata mmoja.

Mara muuguzi mkuu akachungulia mlangoni.

"Kidole, shangazi yako yuko wapi? Wagonjwa wote wametoweka kwenye kompyuta. Nina mtoto ana homa kali, na bibi aliyemleta hajui ni dawa gani ilimvimbisha uso mwaka jana."

"Sijui," nikamjibu, na nilijua.

Nikapekua daftari. Mwishoni niliona amri ya kufagia, yaani kufuta kabisa, maghala ya data yasiyotumika na kontena lolote. Nikawaza, nifagie kila kitu, nani atajua ni mimi? Nikaiandika yote, ikabaki kubonyeza. Nyuma ya ukuta yule mtoto alikuwa analia, na sauti ilikuwa inafifia. Sijawahi kuogopa vile. Nikaacha kila kitu, nikakimbia stoo.

"Shangazi, nimefuta wagonjwa."

Alitua boksi, tukarudi mbio. Akaitazama amri yangu kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii umeibonyeza?"

"Bado."

Akashusha pumzi, akaifuta herufi kwa herufi. Kisha akawasha kontena kwa mistari yote miwili. Ule wa pili ndio unaoliunganisha na ghala, mahali zinapokaa kumbukumbu zenyewe. Majina yakarudi. Muuguzi mkuu akaja na bomba la sindano mkononi, akasoma kumbukumbu ya mtoto yule. Dawa iliyomdhuru ndiyo aliyokuwa ameshaivuta kwenye bomba lile. Akaenda kuibadilisha.

Nikakaa sakafuni.

"Kontena si kitu, mwanangu," shangazi alisema. "Ghala lilikuwepo muda wote. Lakini ungelifagia ili kuficha kosa, nisingekuwa na cha kurudisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kifo chenyewe kingekuwa cha mtoto wa watu. Ukikosea, sema mapema."

Nikajifuta machozi, nikaenda kumwambia muuguzi mkuu kwamba aliponiuliza, nilijua shangazi alikuwa wapi.