Ufa wa Kwemabwe

Miguu mitatu ya mbao ilikuwa imesimama pale pale kileleni mwa Kwemabwe, lakini chombo cha kupimia kilichokuwa juu yake kilikuwa kimetoweka, na sanduku lake pia.

Shaushi Muhidini, sajini wa polisi, aliizunguka ile miguu mara mbili, huku akijitahidi asitazame chini. Alikuwa Mzigua wa Sindeni, mtu wa tambarare, na polisi wenzake wa Korogwe walijua kwamba hata ngazi ya boma aliipanda akishika ukuta. Leo wamemtuma kwenye jabali linalochungulia nusu ya Usambara.

"Mwizi ninaye," alisema Mdachi mpimaji ardhi, uso umemwiva kwa hasira. "Simeo. Jumamosi anapanda gari moshi kwenda Tanga, mnyororo shingoni. Wewe nitafutie chombo changu tu."

Simeo, mwongozaji wa njia kutoka Vugiri, alikuwa chini kambini amefungwa. Jana adhuhuri ukungu ulifunika kilele, mpimaji akashuka kula, kisha akamtuma Simeo akafunike chombo kwa turubai. Ukungu ulipoondoka, chombo hakipo. Leo ilikuwa Alhamisi, zimebaki siku mbili.

Muhidini alishuka, akamhoji kwanza askari aliyelinda mdomo wa korongo, maana hiyo ndiyo njia pekee ya kupanda kileleni iliyojulikana.

"Isihaka, jana nani alipita hapa?"

"Simeo peke yake, shaushi. Kapanda, kashuka."

"Aliposhuka alibeba nini?"

"Mikono mitupu."

"Una hakika? Sanduku lile ni kubwa kama mtoto wa mwaka mmoja."

"Ningeliona. Korongo lenyewe mtu anapita kwa ubavu. Bwana anasema alilirusha kwa mwenzake."

Muhidini akaguna. Chombo cha vioo kirushwe kutoka juu ya jabali, halafu kimfae nani?

Simeo alimwamkia kwa sauti iliyokauka. "Shikamoo, shaushi."

"Marahaba. Chombo ulikikuta?"

"Sikukikuta. Niliona miguu mitupu, nikadhani bwana ameshuka nacho mwenyewe. Nina watoto wawili, shaushi. Wanaopelekwa Tanga kwa mnyororo hawarudi wote."

"Kuna njia nyingine ya kupanda?"

"Mimi siijui."

Basi Muhidini akaanza kuuzunguka mlima. Kusini, mgongo wa mawe ulipanda vizuri, kisha ukaishia chini ya mwamba uliojitokeza kama paa. Huko hapapandiki. Kaskazini palikuwa na mteremko wa mawe malegevu. Mtu angepita, yangemwagika na kambi nzima ingesikia. Huko nako akaachana nako. Mashariki lilisimama jabali tupu, jeusi, wima, lenye ufa mmoja mwembamba kutoka chini hadi juu. Alilitazama akacheka peke yake. Kisha akaona kwamba vijani vilivyoota ndani ya ufa vilikuwa vimekanyagwa.

Akavua viatu, akasema bismillahi, akapanda.

Hatua zilikuwa fupi, za mtu mfupi, na kila moja ilichaguliwa kwa akili. Mguu ulipokosa pa kukanyaga, mkono ulipata pa kushika. Pumzi ilipokwisha, pa kupumzikia palikuwa papo hapo. Aliyeichagua njia hii hakubahatisha hata kidogo. Muhidini alijikuta anamheshimu mwizi wake.

Kimo cha watu watatu juu ya ardhi, ufa ulibana. Kwenye ncha ya jiwe palining'inia kipande cha kaniki, kinanuka moshi na asali. Mwanamume wa huku akibeba mzigo huuweka begani au kichwani. Anayeufunga mgongoni kwa nguo, mikono ibaki huru, ni mtu aliyezoea kubeba mtoto. Tangu jana walikuwa wanamtafuta mwanamume!

Namna alivyoshuka tusiisimulie, tumstahi mtu wa watu.

Aliuliza nani huku huvuna asali ya mawe, akaelekezwa kwa Bibi Elina, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya jabali lile lile. Alimkuta anapepeta mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona miguu inavuja damu?"

"Nimepanda ufa."

Ungo ukatulia. "Umefika wapi?"

"Panapobana."

"Hapo unatanguliza bega la kushoto," alisema bibi, kisha akafumba mdomo, amechelewa.

Muhidini akamwekea kile kipande cha kaniki mbele yake. "Nani alikufundisha kupanda?"

"Njaa. Mume wangu alipokufa, asali ilikuwa juu na watoto walikuwa chini."

"Na chombo cha bwana?"

"Chombo gani?"

"Bibi, Simeo amefungwa. Jumamosi anapelekwa Tanga."

Ungo ukamponyoka, mahindi yakatawanyika. "Simeo kafanya nini? Mimi nilijua mtasema ni mizimu ya mlima!"

"Bwana haamini mizimu."

Bibi Elina akasema yote. "Nilikichukua mimi, ukungu ulipotanda. Kwa dada yangu walikuja na miguu mitatu kama ile, wakachora mstari. Baada ya mavuno akaambiwa ahame, shamba ni la kahawa. Mimi hapa nimezika mume na watoto wawili. Nikasema nikimwondolea bwana lile jicho lake, hatachora. Nimelificha ufani, penye nyuki."

Mpimaji alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Bibi kizee? Mnamwokoa Simeo kwa uongo. Haya, apande nione!"

"Bibi, si lazima," alinong'ona Muhidini.

"Simeo ana watoto," alijibu, akajifunga kaniki kiunoni.

Alipanda mbele ya kambi nzima. Hakuharakisha wala hakusita. Alishika, akajaribu, akahamisha uzito. Penye kubana akatanguliza bega na mwili ukapita kama uzi kwenye tundu la sindano. Isihaka alivua kofia bila kuambiwa. Muhidini aliona fahari, kana kwamba ni mama yake mzazi. Karibu na kilele bibi alitia mkono ufani, akatoa sanduku.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho!" mpimaji alipiga kelele. "Usikiangushe!"

"Umeamini sasa kwamba ni mimi, si Simeo?"

"Nimeamini! Mfungueni!"

Muhidini aligeuza upesi ufunguo wa mnyororo wa Simeo. Bibi Elina alisubiri mpaka akamwona Simeo amesimama huru kando ya watu. Kisha akafungua mkono.

Sanduku liligonga mwamba mara mbili, shaba na vioo vikasambaa majanini.

"Mkamateni!" Mpimaji alinyoosha kidole juu. "Shaushi, mkamate!"

"Nitamkamata, bwana," alisema Muhidini, macho yake hayakubanduka kwenye jabali. "Afike salama kwanza."

Bibi alikuwa ameanza kushuka, hatua fupi fupi, kuja kukamatwa. Mpimaji alifungua mdomo aseme tena, akaufumba. Naye alikuwa anaitazama miguu ya yule bibi ikichagua pa kukanyaga.