Wa Kwa Mhunzi

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, saa nane na robo mchana, Gauthier alipoweka uma mezani na kutangaza kwamba anashuka ziwani. Mambo haya yalimpata jirani yangu Bertille, dada yake Gauthier, na kuhusu siku ile hakosei hata dakika moja.

Walikuwa kwa Bibi Ernestine, kama kila Jumamosi. Sungura wa haradali alikuwa amekwisha, keki ya plamu ilikuwa bado haijakatwa. Dirishani, upande wa pili wa njia ya baiskeli, palikuwa na ziwa lisilo na maji. Bwawa lilikuwa limefunguliwa tangu mwezi wa tisa ili mafundi wakague ukuta, na pale ambapo kwa kawaida bata maji huogelea, tope lilikuwa limekauka na kupasukapasuka. Katikati ya tope ilionekana barabara ya mawe, daraja dogo, na vizingiti vya nyumba zisizo na kuta. Hicho ndicho kilichobaki cha kijiji cha Malvaux.

"Leo jioni wanafunga malango ya bwawa," alisema Gauthier. "Nikikosa leo ni miaka kumi mingine. Picha moja tu ya baiskeli yangu katikati ya Malvaux, Bibi, na watalii ninaowatembeza kwa baiskeli watapigana vikumbo msimu ujao!"

"Unakwenda kupanda baiskeli juu ya mama yangu," alisema Bibi Ernestine.

Hakupaza sauti. Hasira yake ilikuwa na umri wa miaka sitini, na hasira ya namna hiyo haina haja ya kelele. Kabla ya kuizamisha Malvaux, watu wa bwawa waliahidi kuhamisha makaburi yote. Walihamisha yale yenye misalaba ya mawe. Yenye misalaba ya mbao waliyaacha, na mama yake Ernestine alilazwa chini ya mbao.

"Basi nenda kwa miguu," aliendelea. "Na ukiulizwa, jibu vizuri."

"Niulizwe na nani? Konokono?"

"Swali unalijua."

Bertille pia alilijua. Hakuna mtoto wa vijiji vile ambaye hakukua nalo. Ukimpita mzee njiani, hakuulizi jina, anakuuliza, "Wewe ni wa nani?" Na wewe hutaji jina lako. Unajibu kwa jina la nyumba. Wao walikuwa wa Kwa Mhunzi, hadi leo, ingawa nyumba ya mhunzi ilikuwa chini ya maji tangu Bibi akiwa msichana.

Bertille alimfuata kaka yake hadi uani. Yeye Bertille alikuwa amekwisha kukagua breki za baiskeli yake mara tatu, kama ilivyo desturi yake.

"Mara moja tu katika maisha yako, Gauthier, heshimu kitu. Kimoja tu!"

"Kifaranga ana shahada mbili na anaogopa tope." Alikuwa akimwita Kifaranga tangu Bertille alipokuwa na miaka minne. "Ukija, usilielie nyuma yangu. Ukibaki, nitunzie keki."

"Potelea mbali!"

Alicheka, akapanda, akaondoka. Bertille alisimama pale akiwa anawaka. Alikumbuka kila barabara ambako kaka yake alimwacha nyuma, kila meza ambapo alimfanya kichekesho. Mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono.

"Mfuate," alinong'ona Bibi. "Yeye hana masikio. Wewe unayo."

Njia ile zamani ilikuwa reli. Sasa hakuna gari wala treni, ni lami laini tu kati ya miti mirefu ya mipopla, na kimya kinachowafurahisha sana wageni. Gauthier alikuwa mbele kama mita mia mbili. Kwenye usukani wake alikuwa amefunga kengele ya shaba ya marehemu babu yao, na kila baada ya muda aliipiga mara mbili ili kumchokoza: ting-ting. Juu yao korongo walipita kwa makundi kuelekea kusini, wakipiga kelele kama milango isiyotiwa mafuta. Bertille alikanyaga pedali kwa hasira. Alikuwa akipanga maneno atakayomwambia.

Kwenye stesheni ya zamani Gauthier aliiacha lami, akateremka ukingoni. Hakushuka kwenye baiskeli. Alifika kwenye barabara ya mawe na kuinua mkono, akipunga kama mfalme.

Ukungu ulianzia darajani. Bertille anasema haukuja kutoka popote. Ulipanda kutoka ardhini, kama mvuke wa supu. Ulifika kwenye magurudumu ya Gauthier, ukafika kiunoni. Kisha kofia yake nyekundu ikafifia, na haikuonekana tena.

Bertille alishuka, akaiegemeza baiskeli yake kwenye mti, akaenda kwa miguu.

Mawe yalikuwa na utelezi. Kushoto, kizingiti. Kulia, kizingiti. Kwenye kila kizingiti tope lilikuwa limefagiliwa. Aliona wazi alama za ufagio.

Korongo walikuwa wamenyamaza.

Ting-ting, mbele kidogo. Kisha sauti ya mwanamke mzee, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayemenya viazi mlangoni pake.

"Wewe ni wa nani, kijana?"

"Mimi?" Gauthier alicheka. "Mimi si wa mtu, bibi!"

"Si wa mtu?"

"Si wa mtu yeyote!"

Kicheko kikakatika. Hakukuwa na ukelele. Hakukuwa na kishindo cha baiskeli kuanguka. Kilikatika tu, kama mshumaa uliobanwa kwa vidole.

Bertille alifungua kinywa amwite. Sauti ikamtangulia, karibu, kwenye bega lake.

"Na wewe, binti?"

"Wa Kwa Mhunzi," alinong'ona. "Mjukuu wa Ernestine."

"Ernestine." Sauti ilionja jina hilo polepole. "Aliondoka akatuacha na mbao zetu. Pita. Na yule? Anasema si wa mtu. Ni kweli?"

Jibu lilikuwa neno moja. Bertille alikuwa nalo mdomoni. Lakini kabla halijatoka, hasira ilipanda, ile ya uani na ile ya miaka yote, nayo ikamwambia: Mwache. Mwache aogope yeye, leo tu. Akanyamaza kwa pumzi moja. Haikuwa zaidi ya pumzi moja.

"Ni wetu!" alipiga kelele. "Ni wetu! Wa Kwa Mhunzi!"

Hakuna aliyejibu. Mahali fulani mlango ulifungwa, katika kijiji kisichokuwa na mlango hata mmoja.

Kisha Gauthier akatoka kwenye ukungu. Alikuwa akitembea na kuisukuma baiskeli kwa adabu, akikwepa vizingiti.

"Twende nyumbani, dada," alisema.

Bertille alilia kwa furaha, akampiga ngumi ya kifua, akamtukana. Yeye alitabasamu tu. Njia nzima hakupiga kengele hata mara moja. Walipofika kwenye stesheni ndipo Bertille alipotambua kwamba kaka yake hajawahi, maishani mwake, kumwita dada.

Nyumbani, giza likiwa linaanza kuingia, Gauthier alifuta viatu mlangoni, ingawa havikuwa na tope. Aliketi na mikono juu ya magoti. Keki hakuigusa. Bibi Ernestine alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kisu chini.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa yeyote atakayenipokea," alijibu, kwa upole mkubwa.

Bibi alimvuta Bertille hadi jikoni, akafunga mlango.

"Huyo si wetu."

"Bibi, ni Gauthier! Nilimjibia! Nilisema ni wetu!"

"Ulisema lini?"

Bertille hakuweza kumtazama usoni. Alitoka uani kupitia mlango wa nyuma, akaichunguza baiskeli ya kaka yake kwa tochi, kipande kwa kipande. Mnyororo ulikuwa safi. Tairi zilikuwa safi. Lakini kengele ya babu haikuwepo. Pale ilipokuwa imefungwa, kome watatu wadogo wa ziwani, wenye magamba mawili, walikuwa wamejishikiza kwenye chuma kwa uthabiti, kama kome waliokaa hapo miaka mingi. Alijaribu kumbandua mmoja kwa ukucha. Alikuwa hai. Alijifunga.

Jumapili, kulipopambazuka, aliyeketi mezani alikuwa bado ameketi vilevile. Bertille alipita mbele yake bila salamu, akatoa baiskeli, akaenda bila kukagua breki.

Malango yalikuwa yamefungwa usiku. Maji yalikuwa yamelifunika daraja na sasa yalikuwa yakipanda kizingiti kimoja baada ya kingine, bila haraka. Bertille aliisukuma baiskeli yake hadi majini, miguu ikiingia kwenye tope.

"Ni wetu!" aliyapigia kelele maji. "Mnanisikia? Mlizamishwa na watu wa bwawa, si na yeye! Mkawadai wao! Huyu ni wetu, mrudisheni!"

Maji yalipanda. Akashika kengele yake, akaipiga mara mbili.

Kutoka chini, upande wa nyumba ya mhunzi, ikaja: ting-ting.

Akapiga tena. Ikajibu tena. Alisimama hapo akilia kwa hasira, akipiga kengele, maji yakimfika magotini, kisha mapajani, kisha kiunoni, na usukani ulipozama aliendelea kuipiga chini ya maji kwa kidole gumba kilichokufa ganzi. Kila alipopiga, alijibiwa. Na kila jibu lilitoka mbali zaidi kuliko lile lililotangulia.